BNP na NT-proBNP kwa mgonjwa wa dharura anayekosa pumzi: tunaisomaje namba?

#1 Daktari wa Zamu

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita saa tisa usiku aliletwa mama wa miaka 71. Amekaa kitako, mikono imeshika magoti, anavuta hewa kwa shida, na kifua kinapiga miluzi unayoisikia ukiwa bado mlangoni. Faili lake linasema ana ugonjwa sugu wa njia ya hewa. Mwenzangu aliyempokea alifanya ambalo wengi wetu tungefanya: nebulaiza, steroidi, oksijeni. Saa moja ikapita, hali ile ile. Eksirei ya kifua ilipigwa akiwa kitandani, ikatoka na ukungu ambao kila aliyeutazama aliupa jina lake. Huyu nimonia, yule maji, wa tatu anasema ni kifua cha zamani tu.

Tukatuma damu. NT-proBNP, kipande kinachobaki homoni ya moyo iitwayo BNP inapokatwa, ikarudi 6,400 pg/ml (pikogramu kwa mililita). Tukambadilishia njia, frusemidi ya mshipa ya kukojoza na nitrati ya kulegeza mishipa, na kulipopambazuka alikuwa amelalia mito miwili na anaongea sentensi nzima. Ilikuwa pumu ya moyo, si pumu ya kifua.

Sikukileta kisa hiki kuisifia mashine. Siku mbili baadaye, zamu ile ile, kipimo kile kile kilitupoteza njia. Nitafika huko.

Kwanza mwili wenyewe. Wengi tulifundishwa moyo kama pampu, basi. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake walichukua rojo la misuli ya atria (vyumba vya juu vya moyo) ya panya, wakawadunga panya wengine sindano yake, na hao wakaanza kukojoa maji na chumvi kwa wingi. Yaani moyo unatoa homoni. Misuli yake ikinyooshwa na damu nyingi kupita kiasi, inapeleka ujumbe kwa figo: punguza maji, punguza chumvi. Papo hapo mishipa inalegezwa na ule mfumo wa renini na aldosteroni, unaotunza chumvi na kupandisha presha, unabanwa. BNP ni ndugu wa homoni hiyo ya kwanza, na kwa mtu ambaye moyo umeanza kushindwa hutoka zaidi kwenye ventrikali, vyumba vya chini vya moyo. Kwa hiyo tunapopima BNP tunapima kilio cha ukuta wa moyo uliovutwa. Hatupimi ugonjwa wenyewe, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha makosa karibu yote nitakayoyataja.

Vizingiti kwa mgonjwa wa dharura, kama vilivyo kwenye mwongozo wa 2021 wa Jumuiya ya Ulaya ya Magonjwa ya Moyo: BNP chini ya 100 pg/ml, au NT-proBNP chini ya 300 pg/ml, moyo kushindwa ghafla hauelekei kuwa ndio sababu ya kukosa pumzi. Hapo unauondoa moyo kwenye orodha. Kuthibitisha ni habari nyingine, na kwa NT-proBNP umri unaingia: juu ya 450 kwa aliye chini ya miaka 55, juu ya 900 kwa wa 55 hadi 75, juu ya 1,800 kwa aliyevuka 75. Kilicho kati ya 300 na kizingiti cha umri wake ni eneo la kijivu, na huko namba haikusaidii sana, inabidi ufanye kazi.

Sasa kile kisa cha pili. Babu wa miaka 80, figo zimechoka, moyo wake una mpapatiko wa atria wa miaka mingi. Kaja anahema. NT-proBNP 3,900. Wote tukashusha mabega: moyo huo, mpe dawa ya kukojoza. Alikojoa vizuri tu, lakini pumzi haikurudi. Kesho yake mchana CT ikaonyesha bonge la damu kwenye mishipa ya mapafu. Ile 3,900 haikuwa ya uongo hata kidogo, upande wa kulia wa moyo wake ulikuwa umevutwa kweli kweli. Sisi ndio tuliojibu swali ambalo namba haikuulizwa.

Naona kipimo hiki kina mdomo mzuri kinaposema "hapana", na tunakibebesha mzigo kinaposema "ndiyo". Karibuni tubishane.

#2 Kapu la Maswali

Naweka kambi hapa. Leta vitu.

#3 Mwaka wa Nne

Daktari, shukrani kwa uzi. Maswali mawili ya mwanafunzi. Kwanza, kwa nini hiyo B kwenye BNP (brain natriuretic peptide) husemwa ni ya ubongo kama homoni inatoka moyoni? Pili, sisi tumekariri 125 kwa NT-proBNP na 35 kwa BNP. Hizo 300 na 100 zimetoka wapi? Nimeshamwambia mgonjwa mmoja kwamba 240 yake ni mbaya.

#4 Daktari wa Zamu

Mwaka wa Nne, la kwanza ni historia tu. Wajapani walioitambua mwaka 1988, Sudoh, Kangawa, Minamino na Matsuo, waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe, jina likaganda. Baadaye ikajulikana kiwanda kikubwa ni moyo.

La pili ni zito zaidi, na usijilaumu, nimeona hata waliomaliza zamani wakilikosea. Zile 35 na 125 ni za mgonjwa anayekuja kliniki kwa miguu yake, dalili zimekuja polepole, unaamua kama anahitaji kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Hapo unataka mtego wenye matundu madogo ili asikuponyoke mtu. Mgonjwa wa dharura ana shida ya ghafla, na moyo unaomfanya mtu akose pumzi usiku wa manane kwa kawaida umeshavutwa vya kutosha kupandisha namba juu sana. Ukitumia 125 kwenye chumba cha dharura utawaita wagonjwa wa moyo nusu ya wazee wanaopita. Mgonjwa wako wa 240, kama alikuja na shida ya ghafla, kwa sehemu kubwa ulipaswa kuanza kutafuta sababu nyingine.

#5 Maabara Usiku

Ngoja na sisi wa nyuma ya dirisha tuseme, maana damu mnatuma mnavyotaka halafu mnalalamika majibu.

BNP na NT-proBNP si kitu kimoja kwa majina mawili. Seli ya moyo inatengeneza mnyororo mmoja wa amino asidi 108, proBNP. Ukikatwa unatoa vipande viwili: BNP yenyewe, amino asidi 32, ndiyo inayofanya kazi mwilini, na kile kipande cha mwanzo chenye amino asidi 76, NT-proBNP, ambacho hakina kazi inayojulikana. Vinatoka kwa idadi sawa lakini haviondoki sawa. Nusu ya BNP inapotea ndani ya dakika 20 hivi. NT-proBNP inachukua saa moja hadi mbili, na inategemea figo zaidi kutoka. Ndiyo maana namba za NT-proBNP huwa kubwa zaidi, na ndiyo maana hakuna hesabu ya kubadilisha moja kuwa nyingine. Msigawe, msizidishe. Mgonjwa akipimwa BNP huku na NT-proBNP kule, huwezi kusema imepanda wala imeshuka.

Kuhusu chupa: BNP inataka plazima ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, tena ya plastiki. Kwenye kioo huanza kuvunjika, na hata kwenye plastiki haipendi kukaa mezani saa nyingi. NT-proBNP haina makuu, seramu au plazima ya heparini inakubalika na inavumilia kukaa.

Na angalieni kipimio. pg/ml na ng/L ni kitu kile kile, msishtuke. Ila maabara nyingine hutoa pmol/L, na hapo NT-proBNP ya 300 pg/ml inasomeka kama 35 hivi. Nilishapigiwa simu na daktari anayefurahi kwamba mgonjwa wake ana 200, moyo safi. Zilikuwa pmol/L. Nikamwambia kaka, zidisha kwa nane na nusu.

#6 Mzee wa Stethoskopu

Nimewasoma vijana wangu. Nimefanya kazi hii tangu enzi ambazo maabara ya usiku ilikuwa hadubini na taa.

Huyo mama wa miaka 71, kuna aliyemtazama mshipa wa shingo? Kuna aliyemuuliza analala na mito mingapi? Aliyemwegemeza akasikiliza mlio wa tatu wa moyo? Aliyebonyeza miguu yake? Sijaona hata kimoja kwenye maelezo. Mgonjwa aliyekaa kitako ameshika magoti, hataki kulala, anakuambia mwenyewe kwa mwili wake. Siku hizi naona kijana anaandika fomu ya damu kabla hajavua koti la mgonjwa.

Na msiseme utafiti uko upande wenu wote. Australia mwaka 2009 waliwagawa wagonjwa 612 wa kukosa pumzi, nusu daktari akaona BNP, nusu hakuiona. Matokeo kwa mgonjwa hayakutofautiana.

#7 Nesi Zamu ya Usiku

Mzee 👏🏾👏🏾

#8 Daktari wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Umenipata. Kusema kweli mshipa wa shingo ulikuwa umejaa, nilimtazama baada ya majibu kurudi na si kabla. Nakubali kofi.

Lakini niruhusu nirudishe kidogo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Alan Maisel na wenzake, wagonjwa 1,586 waliofika dharura na shida ya pumzi. Waliupa jina Breathing Not Properly ili herufi za mwanzo ziwe BNP, watafiti nao wana utani wao. Waliwauliza madaktari kwanza: kwa kumtazama tu, una uhakika gani? Kwa wagonjwa 43 katika kila 100, daktari alikuwa katikati, hajui aegemee wapi. BNP ilipoongezwa, wale wa katikati wakabaki 11. Na kwa kizingiti cha 100, kati ya kila 100 wenye moyo ulioshindwa kipimo kiliwanasa 90, na kati ya 100 wasio nao kiliwaacha huru 76. Hiyo 76 ndiyo inayonifanya nisikiamini kinaposema ndiyo.

Utafiti wa Australia nimeusoma, na naukubali. Upo na wa Basel wa 2004, wagonjwa 452, ambapo waliopimwa BNP walikaa hospitali siku 8 na wengine 11. Tafsiri yangu ni kwamba namba inamsaidia aliyekwama katikati. Kwa mgonjwa ambaye wewe Mzee ungemjua kwa kumtazama, haiongezi kitu, na ukichanganya wote kwenye kapu moja faida inayeyuka. Mwaka 2005 ulipotoka utafiti wa PRIDE kuhusu NT-proBNP, wagonjwa 600, kilichoshinda si daktari peke yake wala kipimo peke yake. Ni vyote viwili pamoja.

#9 Mzee wa Stethoskopu

Marahaba. Hapo tumeelewana. Wa katikati mpimeni. Aliye wazi msimcheleweshee dawa kwa kusubiri karatasi.

#10 Nesi Zamu ya Usiku

Hilo la kusubiri karatasi nimelishuhudia. Mgonjwa povu la waridi linatoka mdomoni, presha 220, na mtu anasema "tusubiri BNP". Jamani.

Swali langu ni la wagonjwa wa kusafishwa damu. Hao kila wakija namba iko juu, 10,000, 20,000, hata siku wanayojisikia vizuri. Mnaisomaje?

#11 Daktari wa Zamu

Kwa huyo wa kusafishwa damu, namba moja peke yake karibu haina maana. Ukiwa na ya zamani ya siku aliyokuwa mzima, unalinganisha: mtu wa kawaida yake 12,000 akija na 13,000 hujajifunza kitu, akija na 45,000 kuna jambo. Kwa wenye figo zilizopungua lakini hawajafika kwenye mashine, data za PRIDE zilipendekeza kupandisha kizingiti cha NT-proBNP hadi 1,200 hivi. Chini ya 300 ikipatikana kwao ina nguvu kubwa, ila utaipata mara chache.

Orodha ya vinavyopandisha bila moyo kushindwa kuwa ndio kisa cha usiku huo ni ndefu: uzee, mpapatiko wa atria, bonge la damu mapafuni kama la babu yangu, shinikizo kubwa la mishipa ya mapafu, maambukizi makali yaliyosambaa kwenye damu, kiharusi, mshtuko wa moyo. Huu wa mwisho ndio unaofanya troponini isikosekane kwenye ombi la damu. Troponini inakuambia kama kuna seli za moyo zinazokufa, BNP inakuambia ukuta umevutwa. Moja haichukui nafasi ya nyingine, na mgonjwa wa moyo ulioshindwa anaweza kuwa na troponini iliyopanda kidogo bila mshipa wa moyo kuziba.

#12 Kibonge Mzoefu

Mimi nina kisa cha upande wa pili, na bado kinaniuma. Mwanaume wa miaka 46, uzito mkubwa sana, BMI 41. Kaja anahema, miguu imevimba. NT-proBNP 260. Nikaandika kwa kujiamini kabisa "si moyo", nikampa rufaa ya kliniki ya mapafu. Baada ya siku kumi karudi, safari hii hajiwezi. Eko ikaonyesha moyo mgumu usiojaa vizuri.

Daktari wa Zamu unasema kipimo kina mdomo mzuri kinaposema hapana. Kwangu kilisema hapana.

#13 Daktari wa Zamu

Pole mkuu, na asante kwa kukileta, wengi tungekificha.

Hilo ndilo tundu kwenye dai langu, na nilipaswa kulisema mwanzo. Watu wenye unene uliopitiliza wana BNP na NT-proBNP za chini kuliko wembamba wenye moyo ule ule. Sababu zinazotajwa ni zaidi ya moja, lakini tokeo halibishaniwi. Kwa BNP, wengi hushusha kizingiti hadi 50 kwa mwenye BMI ya 35 na kuendelea. Kwa NT-proBNP nawe uwe na mashaka mapema. 260 kwa mtu mwembamba wa miaka 46 na 260 kwa mgonjwa wako si namba moja.

Pia ile 300 haina nguvu sawa kwa kila mtu. Uchambuzi wa CoDE-HF wa 2022 ulikusanya wagonjwa zaidi ya 10,000 kutoka tafiti 14, na ukaonyesha kizingiti hicho kinalegea kwa makundi fulani, hasa aliyewahi kuambiwa ana moyo ulioshindwa. Ukifikiri, ni jambo la akili tu. Kama kabla ya damu ulikuwa na uhakika wa tisa kwa kumi kwamba ni moyo, namba moja ndogo haiwezi kukufikisha sifuri.

Nyingine za kuchunga kwenye "hapana": maji yaliyojaa mapafuni ghafla, dalili zina dakika chache. Homoni inahitaji muda kutengenezwa na kumwagwa, damu ya mapema inaweza kukudanganya. Tena kuna matatizo yaliyo kabla ya ventrikali ya kushoto, kama vali ya mitrali iliyobana, au ya nje yake, kama mfuko wa moyo uliojaa maji au uliokakamaa. Mgonjwa anazama lakini ukuta wa ventrikali haujavutwa kwa kiasi hicho, kwa hiyo namba haipandi kama unavyotarajia.

#14 Kibonge Mzoefu

Laiti ningesoma huu uzi mwezi mmoja kabla.

(Na jina langu hapa ni la mwili wangu mwenyewe, msije mkadhani namtania mgonjwa.)

#15 Mama Pacha

Shikamoni wakubwa. Mimi si wa fani, samahani kama naingilia. Baba yetu alilazwa kwa moyo. Karatasi ya siku ya kwanza imeandikwa NT-proBNP 4,800, ya siku ya kuruhusiwa 2,900. Ndugu zangu wameingia intaneti wameona kawaida ni chini ya 125, sasa nyumba nzima inalia kwamba karuhusiwa akiwa mahututi. Mwenyewe anakula, anatembea hadi nje. Nielewe nini?

#16 Daktari wa Zamu

Marahaba dada, hujaingilia chochote.

Daktari aliyemwona ndiye mwenye neno la mwisho, mimi nakupa namna ya kutazama tu. Kwa mtu mwenye moyo ulioshindwa, hatutarajii aondoke na namba ya mtu mzima wa afya. Tunatazama mwendo. Kushuka kwa zaidi ya 30% kutoka kulazwa hadi kuruhusiwa huambatana na hali nzuri zaidi siku za mbele, na ya baba imeshuka karibu 40%. Usiku wa leo ile 125 ya intaneti waiweke pembeni.

Kilicho na maana kuliko karatasi: mpimeni uzito kila asubuhi kabla ya kula, nguo zile zile, mwandike. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, au akianza kuongeza mito ya kulalia, au miguu ikivimba, msisubiri tarehe ya kliniki. Dawa asiache hata akijisikia vizuri. Na hiyo 2,900 itunzeni vizuri. Siku akija dharura, daktari atakayempokea ataishukuru, atakuwa na cha kulinganisha.

#17 Mama Pacha

Mungu awabariki. Nimeipiga picha, nimeituma kwenye kundi la familia. Kimya kimetanda.

#18 Mfamasia Mstaarabu

Naongeza la dawa, maana limewahi kuleta kizaazaa. Kuna vidonge vya mchanganyiko wa sakubitrili na valsatani, vilianza kuruhusiwa 2015. Sakubitrili inazuia kimeng'enya kinachoitwa neprilisini, na neprilisini ni mmoja wa wanaoivunja BNP. Kwa hiyo mgonjwa anatumia dawa vizuri, moyo unapata nafuu, na BNP inapanda! NT-proBNP haivunjwi na neprilisini, yenyewe inaendelea kufuata hali ya moyo. Mgonjwa wa dawa hizo apimwe NT-proBNP.

Na kwa wapenda historia: waliwahi kuigeuza BNP yenyewe kuwa dawa ya dripu, nesiritaidi, ikaruhusiwa Marekani 2001. Hoja ilikuwa rahisi, kama moyo unaomba msaada kwa homoni hii basi tuiongeze. Mwaka 2011 utafiti wa ASCEND-HF wenye wagonjwa zaidi ya 7,000 ukaonyesha haipunguzi vifo wala kurudi hospitali, na alama kubwa iliyoacha ni presha kushuka. Mjumbe mzuri, tabibu hafifu.

#19 Maabara Usiku

Mfamasia umenikumbusha bayotini. Wanaomeza vidonge vya nywele na kucha vyenye dozi kubwa, baadhi ya mashine zinazotumia bayotini na streptavidini hutoa majibu ya uongo, na kwa kipimo cha aina ya NT-proBNP uongo wenyewe ni kushuka. Troponini nayo yumo, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo 2017. Muulizeni mgonjwa. Hawezi kutaja mwenyewe, kwake hiyo si dawa.

#20 Mawimbi

Mbona hakuna aliyetaja ultrasaundi ya mapafu? Mimi natumia dakika tatu, naweka kichwa cha mashine kifuani, nikiona ile mistari mirefu inayoshuka kama mikia ya nyota pande zote mbili, nimemaliza. Eksirei inaweza kuwa safi kwa karibu mmoja kati ya watano wenye moyo ulioshindwa ghafla. Damu ya nini?

#21 Daktari wa Zamu

Mawimbi, ninayo mashine na ninaipenda. Lakini mistari hiyo inakuambia mapafu yana maji au yamekakamaa, haikuambii aliyeyamwaga. Nimonia ya pande zote inaitoa, kovu la mapafu linaitoa. Kwa aliyekwama katikati nafanya vyote, kwa mpangilio huu: mkono na sikio, ECG ya umeme wa moyo, ultrasaundi, damu ikiwa njiani. Kwa yule babu wangu, ningeweka kichwa cha mashine ningeona mapafu makavu yenye NT-proBNP 3,900, na hapo kengele ingelia. Mapafu makavu na namba kubwa, tazama upande wa kulia wa moyo. Sikuweka.

#22 Mawimbi

Basi tumekubaliana kwa shingo upande 😄

#23 Mwaka wa Nne

Kwa hiyo kila anayekuja dharura anahema apimwe? Na vile vipimo vingine vya damu vya moyo, sST2 na galektini-3, mbona hamvitaji, kwenye somo vipo ukurasa mzima.

#24 Mzee wa Stethoskopu

Si kila anayehema. Kijana wa miaka 19 mwenye pumu aliyevuta vumbi, unataka BNP ya nini? Utaipata 20, utafurahi, na hukuwa na shaka tangu mwanzo.

#25 Daktari wa Zamu

Mzee kamaliza la kwanza. La pili: hivyo viwili vinaeleza zaidi mgonjwa atakwendaje miezi ijayo, kovu na ukakamavu wa moyo. Kwa swali la usiku huu, ni moyo au si moyo, havijaing'oa BNP. Iliyofika karibu ni MR-proANP, kipande cha ile homoni ya kwanza ya atria, kizingiti 120 pmol/L, na mwongozo wa Ulaya unaitambua, ila maabara zenye nayo ni chache. Jifunze BNP na NT-proBNP vizuri kwanza.

#26 Nesi Zamu ya Usiku

Daktari hujatuambia, yule babu wa bonge la mapafuni aliishia wapi?

#27 Daktari wa Zamu

Alianzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, leo ni siku ya sita, yuko wodini na anadai chakula hakina chumvi. Jana nilipita kumsalimia. Nimeandika 3,900 kwenye ukurasa wa mbele wa faili lake, na chini yake nimeandika figo, mpapatiko na bonge, ili atakayempokea safari ijayo asiione namba peke yake.

#28 Maabara Usiku

Umeandika na kipimio?

#29 Daktari wa Zamu

Narudi wodini kuandika.